Mhuni ni mtu wa nani?

Ukitafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam, iwe Tabata, Sinza au Mbagala, dalali atakuuliza maswali mawili kabla hajataja kodi: unafanya kazi wapi, na umeoa? Ukimjibu kwamba bado hujaoa, atakuna kichwa. Vyumba vipo, atasema, ila huyu mama mwenye nyumba hapendi mabachela. Anataka mtu mwenye familia yake, maana nyumba ina watoto wa kike na wahuni hawataki kabisa. Utajitetea kwamba hunywi, huvuti, unarudi mapema, kodi ya miezi sita unayo mkononi. Haitakusaidia sana. Mama wa watu hajakutuhumu kwa jambo lolote ulilolifanya. Amekuona huna mtu, basi.

Sidhani kama mama huyo amewahi kufungua kamusi ili amkatae mpangaji, lakini kwa neno hili yuko karibu na asili yake kuliko sisi tunaoandika magazetini. Sisi tukiandika mhuni tunamaanisha kijana mkorofi, mvuta bangi, mkabaji. Kamusi za zamani za Kiswahili, zile za wakati wa wamisionari na maofisa wa kikoloni, zinamtaja mhuni kama mtu anayetangatanga, asiye na makazi wala kazi ya kueleweka, kisha zinaongeza maana ambayo vijana wengi wa leo hawaijui: mtu asiyeoa au asiyeolewa. Kitenzi nacho kilikuwapo, kuhuni, yaani kuwaacha watu wako na kuzurura. Wizi haumo humo, wala kisu. Kilichomo ni mtu asiyekuwa chini ya mtu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba maana hiyo haikufa. Tumeifunika kwa maana ya ujambazi, na kila serikali iliyotutawala, ya kigeni na ya kwetu, imeitumia ile ya zamani huku ikituambia inapambana na hii mpya.

Katika miji ya mwambao ya karne ya 19, Pangani, Bagamoyo, Mombasa, Unguja, mtu alijulikana kwa watu wake. Alikuwa na ukoo, mtaa, jumbe aliyemsimamia, tajiri aliyemkopesha, na mwanamke alikuwa na baba au mume. Mtumwa alikuwa na bwana wake. Hata mtumwa aliyekwenda kubeba mizigo bandarini au kujenga nyumba za watu kwa ujira alikuwa na mahali pake katika mpango huo: sehemu ya ujira aliipeleka kwa bwana, iliyobaki akala. Huyo aliitwa kibarua. Aliyekimbia aliitwa mtoro, na watoro walikuwa na vijiji vyao vya kujificha, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Mtoro na mhuni hawakuwa kitu kimoja. Mtoro anatafutwa, bwana wake anajulikana. Mhuni hana anayemtafuta.

Ndiyo maana uhuru ulipokuja kwa karatasi, karatasi hiyohiyo ilikuja na mtego. Mwezi Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo inasifiwa, na inastahili sifa kiasi chake. Kinachosahaulika ni masharti yake. Mtumwa hakuachiliwa kwa amri peke yake. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe. Masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake, na mlango wao haukufunguliwa vizuri mpaka 1909. Na yule aliyekwenda akapewa uhuru wake alibanwa na kifungu kimoja ninachokiona kuwa kiini cha habari hii yote: ilimpasa aonyeshe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, atangazwe kuwa mzururaji.

Tazama ujanja wake. Jana mtu huyo alikuwa mali, na hakuna aliyemuuliza anakaa wapi, maana anakaa kwa bwana. Leo amekuwa huru, na siku hiyohiyo anadaiwa ushahidi kwamba ana mahali. Shamba si lake, nyumba si yake, mikarafuu si yake. Wengi walifanya lililowezekana: walirudi kwa mabwana walewale na kupatana nao, wapalilie na wachume karafuu kwa siku kadhaa, nao waachiwe kijumba na kipande cha kupanda mihogo. Karafuu zilichumwa, na wenye mashamba na serikali, ambao hofu yao kubwa ilikuwa mavuno kuoza mitini, wakapumua. Sheria ilimpa mtumwa ruhusa ya kuondoka, kisha ikahakikisha hana pa kwenda ila alikotoka.

Waingereza hawakulibuni jambo hili Zanzibar. Walikuja nalo kutoka kwao, tena likiwa limezeeka. Tauni ilipoua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza kuanzia 1348, vibarua waliobaki walijua thamani yao imepanda, wakaanza kuwaacha mabwana na kutafuta ujira mzuri zaidi. Sheria ya 1351 iliwazuia. Mwaka 1547 ilitungwa nyingine iliyoagiza mzururaji achomwe kwa chuma cha moto alama ya V kifuani na kufanywa mtumwa wa aliyemshtaki kwa miaka miwili. Ilikuwa kali mno hata wao wenyewe wakaifuta haikutimiza miaka mitatu. Kisha ikaja ile iliyotufikia sisi, ya 1824. Vita na Napoleon vilikuwa vimekwisha 1815, askari na mabaharia walikuwa wamerudi bila kazi na wanalala barabarani, na Bunge la London likaona dawa yao ni jela. Humo ndimo walimopangwa watu kwa makundi: wavivu na wakorofi, kisha matapeli na wazururaji, kisha wale wasiosikia hata wakifungwa.

Maneno hayo yalipanda meli. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930 iliyabeba karibu kama yalivyo, na Kenya na Uganda zilipata za kwao mwaka huohuo zikiwa na sura ileile. Kwetu ni vifungu vya 176 na 177. Cha kwanza kinawakusanya malaya, ombaomba na wacheza kamari wa mtaani. Cha pili kinamgusa, pamoja na wengine, mtu anayeshukiwa ambaye hana njia ya kujikimu inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri. Inayoonekana na nani? Kujieleza vizuri kwa lugha gani, mbele ya askari gani, saa ngapi za usiku? Sheria haisemi. Haimtaki askari athibitishe kwamba umefanya kitu. Inakutaka wewe uthibitishe kwamba wewe ni mtu.

Dar es Salaam ya Mwingereza ndiko neno mhuni lilikopata sare ya serikali. Mji ulikuwa unakua kwa kasi iliyowatisha wakubwa: takriban watu 69,000 katika sensa ya 1948, na karibu 129,000 ilipofanyika ya 1957. Nyumba hazikuongezeka kwa mwendo huo, mishahara ndiyo kabisa. Vijana walitoka Uzaramo, Rufiji, Morogoro na mbali zaidi, wakalala kwa ndugu Kariakoo na Ilala, wanne watano chumba kimoja, wakingoja kazi. Kwa ofisa wa kikoloni Mwafrika alikuwa mtu wa kijijini. Mjini alikuja kufanya kazi ya mtu, na kazi ikiisha arudi. Mwaka 1944 ikapatikana sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Msako ulipopita, kijana alidaiwa stakabadhi ya kodi na ushahidi wa kazi. Asiye navyo alipandishwa gari au treni akarudishwa kwao, na wengi wao walikuwa wamerudi mjini kabla karani hajamaliza kuandika ripoti.

Kiswahili cha wakati huo kimejaa makaratasi. Kibarua, kwa umbo lake, ni barua ndogo; neno la mtumwa wa kukodishwa likahamia kwa mfanyakazi wa kutwa. Kipande ilikuwa kadi yenye siku 30 za kuwekewa alama, na mwajiri asipoitia alama, siku hiyo hukufanya kazi, hata kama mgongo unasema vingine. Mwaka huohuo wa 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kuwakusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha kwenye mashamba, na kila mmoja akapewa namba. Hao ndio manamba. Ukiyaweka pamoja maneno hayo, kibarua, kipande, manamba, utaona picha nzima ya mtu anayekubalika: mtu mwenye karatasi ya mtu mwingine mfukoni. Mhuni ndiye aliyebaki asipokuwa nayo.

Mwanamke alikuwa na hali yake. Mwanamke aliyeishi mjini peke yake, akapika pombe, akapangisha vyumba, akauza maandazi, alikuwa mhuni kwa tafsiri zote mbili kwa mpigo, na neno alilopewa lilikuwa baya zaidi. Mpaka leo mwanamume akiitwa mhuni anaweza kucheka, hata akajisikia. Mwambie mwanamke uone.

Uhuru ulipopatikana ilitazamiwa mambo haya yafe. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa aina hiyohiyo: madereva wa teksi, wachuuzi, akina mama wa ngoma na pombe, vijana wasio na ajira waliolinda mikutano. Lakini chama kilipoingia ofisini kilikaa kwenye kiti kilekile, na kutoka kwenye kiti hicho mji ulionekana vilevile. Azimio la Arusha la 1967 likasema kila mtu afanye kazi, jambo ambalo halina ubishi, na kutoka hapo ilikuwa hatua moja tu kumwona asiye na ajira kuwa mnyonyaji. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua kuanzia Januari Mosi 1969. Hata kabla ya siku hiyo, wasichana walivamiwa Kariakoo wakishuka kwenye mabasi. Miongoni mwa walioshambuliwa walikuwamo makarani na wafanyakazi wa ofisini, wenye mshahara wao na chumba chao. Hapo ndipo nionapo kwamba mavazi yalikuwa kisingizio. Msichana mwenye mshahara wake hakuhitaji kuulizwa ni wa nani, na hilo ndilo lililokera.

Miaka ya mwanzo ya 1970 waliokuwa hawana kazi mjini walipelekwa kulima, na kimojawapo cha vijiji vyao ni Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, jina ambalo kwa Kizaramo linasema jaribu uone. Kisha ikaja 1983. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau. Maduka yalikuwa matupu, sabuni ilipatikana kwa kujuana, Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanza kuwakamata wahujumu uchumi mwezi Machi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ambayo wananchi waliipa jina la Nguvu Kazi. Kila mwenye uwezo alitakiwa kuwa na kazi inayotambulika na kitambulisho cha kuithibitisha. Magari yalipita mitaani. Waliokamatwa ni wauza karanga, wang'arisha viatu, mafundi wa chini ya mti, akina mama wa vitumbua. Watu walioamka saa kumi alfajiri kufanya kazi wakaambiwa hawafanyi kazi.

Wakati huo mshahara wa kima cha chini haukufikisha familia katikati ya mwezi. Karani aliyemkagua muuza vitumbua pengine alikuwa amekula vitumbua vya mkewe mwenyewe asubuhi ile, kwa kuwa nyumba nyingi za watumishi wa serikali zilisimama kwa biashara ndogo za wake zao. Mambo hayakwenda. Mashamba walikopelekwa watu hayakuwa tayari, watu walirudi, na taratibu serikali ikageuza shingo. Ile Nguvu Kazi ya kuwafukuza wachuuzi ikawa jina la leseni ya wachuuzi. Aliyeilipia alikuwa nguvu kazi. Asiyeilipia alikuwa mzururaji, ingawa meza ilikuwa ileile na nyanya zilezile.

Niliyakumbuka hayo Desemba 2018, Rais John Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja. Wamachinga walivipokea kwa furaha, na nilielewa kwa nini: kwa mara ya kwanza mgambo aliogopa kumgusa mtu wa meza. Lakini furaha ile ilitokana na kadi. Oktoba 2021 upepo uligeuka, vibanda vikaondolewa barabarani nchi nzima, na kadi hazikuzuia kitu. Aliyepewa utu kwa kadi hunyang'anywa kwa tangazo.

Neno lenyewe, katika miaka hiyo yote, lilikuwa linatoroka mikononi mwa wakubwa. Miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam, Mbeya na Arusha walipoanza kuimba kwa kufoka, wazazi waliuita muziki wa kihuni, na vijana hawakukataa. Wengine waliona ni sifa. Mwaka 2010 mmoja wa waimbaji hao, Joseph Mbilinyi, Sugu, aliingia bungeni kwa kura za Mbeya Mjini. Mwaka 2015 akamfuata mwimbaji mwenzake Joseph Haule, Profesa Jay, kwa kura za Mikumi. Nairobi chokoraa, jina la mtoto anayechokora mapipa ya taka, bado ni tusi. Kampala muyaaye amepanda ngazi na kuwa mjanja wa mjini. Kwetu mhuni yuko kati ya hizo mbili. Rafiki anamwita rafiki yake mhuni wangu kwa mapenzi, na papo hapo tunasema "huo ni uhuni" kwa zabuni iliyochakachuliwa au kura zilizohesabiwa gizani. Matumizi haya ya pili nayapenda kwa sababu ya kejeli yake. Wanaofanya uhuni wa aina hiyo wana ndoa za kanisani na misikitini, wana namba ya mlipakodi, wana hati za viwanja na wadhamini wa kutosha. Kwa kamusi ya zamani hakuna hata mmoja wao aliye mhuni.

Najua nitakachojibiwa. Panya Road ni nani? Wale vijana walioingia nyumba za watu na mapanga, wakatisha mitaa mizima ya Dar es Salaam, nao tuwatafutie asili ya neno? Hapana, hao wakamatwe, na sheria za kuwakamatia zipo tele: unyang'anyi, kujeruhi, kuvunja nyumba, kukutwa na silaha. Mwenye panga mkononi hahitaji kifungu cha 177. Kinachohitaji kifungu hicho ni msako usio na ushahidi, ule wa Ijumaa usiku, ambapo idadi ya waliokamatwa ndiyo inayotangazwa kuwa mafanikio. Katika gari lile anapanda mwizi mmoja, au hayupo kabisa, pamoja na mpishi wa chipsi, konda aliyemaliza zamu na kijana aliyeshuka jana kutoka Kigoma.

Mfuate huyo wa Kigoma. Ili atoke anahitaji mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo tunaijua wote: karatasi moja yenye mhuri wa mviringo, inayosema kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu na anafahamika kwa tabia njema. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuiandika mpaka mjumbe amtambue. Mjumbe hamtambui mpaka mwenye nyumba aseme ni mpangaji wake. Mwenye nyumba hana habari, kwa kuwa kijana amefikia kwa binamu ambaye naye hajaandikishwa. Michango ya mtaa, bila shaka, hajalipa. Kosa lake ni kutokuwa na mtu wa kumtambulisha, na sababu ya kubaki ndani ni hiyohiyo. Yule mtumwa wa Unguja aliyesimama mbele ya kadhi au hakimu mwaka 1897 angeelewa kila hatua bila kutafsiriwa.

Kuna waliokwisha kuliona tatizo hili. Alfajiri moja ya mwaka 2015 polisi wa Malawi walimkamata mchuuzi wa mifuko ya plastiki akiwa njiani kwenda sokoni, wakamshtaki kwa kifungu pacha cha 177 chetu. Alikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 ikatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoombwa maoni na chama cha wanasheria wa Afrika, ilisema sheria za uzururaji za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi wanachama zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikavifuta vipengele vya kukamata watu kwa kushukiwa tu kuwa wazururaji.

Mahakama ya Afrika ina makao yake Arusha. Kutoka kwa majaji hao hadi Dodoma, kwenye Bunge linaloweza kuviondoa vifungu vya 176 na 177 kwa muswada wa ukurasa mmoja, ni safari ya basi ya siku moja, na maoni yao yalitolewa mwaka 2020.